Kitabu Kilichoitikiwa Kama Misa

Prof Donat amepanga chumba cha nyuma katika lupango yangu, yaani kiwanja changu chenye nyumba, hapa mtaa wa Kenya, si ile nchi, tangu mwaka ule nilipomzika mume wangu Laurent. Chuo kikuu anafundisha habari za lugha. Wakati wa likizo anapanda gari mpaka Kasenga na Pweto, anakaa na wazee wavuvi, anarekodi namna wanavyosema. Akirudi, zile sauti anazichanganya na kutengeneza lugha nyingine kabisa, ya watu ambao hawapo duniani. Asubuhi anajinyoa huku akiisema peke yake. Mara ya kwanza kuisikia nilishika rozari. Siku hizi namjibu tu, "Nawe pia, Prof."

Watu hao amewapa mji chini ya ziwa Mweru, unaitwa Lumeya. Kule hakuna franka wala dola. Mtu ananunua kwa maneno. Ukitoa neno "chumvi" upate kitanda, kitanda ni chako, lakini chumvi hutaitaja tena mpaka kufa kwako. Ninapochambua samaki wakavu wa kuuza, Prof anaketi kwenye kigoda na kunisimulia. Mimi nilisoma shule ya msingi tu, Kifaransa cha vitabu kinanishinda. Lakini mambo ya Lumeya nayajua kama ya jirani.

Riwaya aliyoiandika juu ya Lumeya ilipokwisha, aliipeleka kwa Madame Marie-Thérèse, ambaye anachapisha vitabu kule mjini. Yule mama akamwambia wazi: riwaya ya Kiswahili, nani ataisoma? Prof aisome kwanza mbele ya watu, na yeye atakuja kujionea. Wakiifurahia, ataichapa kwa Kiswahili. Wakisinzia, Prof aigeuze Kifaransa.

Prof alirudi nyumbani uso umekauka.

"Mama Jeanne, nikiiandika mu Français, weye hautaisoma. Bale bazee ba Pweto habataisoma. Nitakuwa mwizi wa masauti yabo."

Nilikwenda kumwomba padri sali ya parokia, ule ukumbi wa mikutano. Akatupa Jumapili, baada ya misa ya pili. Wamama wa kwaya walibaki, na vijana, na wazee wastaafu wa reli waliomjua Laurent. Jirani yangu Nafisa, muuza vitenge, mtoto wa Waislamu wa Maniema, naye alikuja na mto wake wa kukalia.

"Benchi zenu beye bakatoliki zinauma," aliniambia. "Mi nimekuya kusikia tu hiyo mashetani ya chini ya maji."

Umeme ulikuwa umekatika. Prof alisimama kwenye mimbari ile ambayo makatekista wanaitumia, koti limefungwa vifungo vyote, akafungua makaratasi. Alikuwa ameiandika kwa Kiswahili bora, kile cha Biblia, kwa sababu wenzake wa chuo walimwambia hiki chetu hakifai kuwekwa kitabuni. Akasoma polepole.

"Ndipo binti Kalumba alipolikaribia lango la Lumeya. Naye mlinzi akamwambia, Utoe neno lile lililo chungu kuliko yote kinywani mwako, nawe utaingia..."

Watu walikaa wima, mikono juu ya magoti. Mtoto mmoja aliyecheka alifinywa sikio. Mimi nilikuwa namchungulia Madame Marie-Thérèse, pale pembeni karibu na mlango. Aliangalia saa yake. Halafu akaiangalia tena. Nikaanza Salamu Maria moyoni.

Sura ikaisha. Prof akashusha karatasi, akatutazama. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kama somo la misa linapokwisha:

"Tumshukuru Mungu!"

Na sali nzima nyuma yangu, kwa sauti moja: "Tumshukuru Mungu!" Wamama wa kwaya walikwisha kusimama, wakingoja zaburi.

Nafisa ndiye aliyecheka wa kwanza. "Eh Mama Jeanne! Unabatiza kitabu ya bantu!"

"Sasa bapitishe na kikapo ya sadaka!" akapaza mzee mmoja wa reli.

Kicheko kikajaa. Nilitamani saruji ipasuke inimeze. Prof alishikilia mimbari kwa mikono miwili, na Madame alikwisha kuweka mkoba begani.

"Ngojeni kwanza!" Nafisa akasimama. "Prof, ule mutoto njo alipana, alitoa ile neno, ao hapana? Sikusikia muzuri. Ulikuwa unasoma sawa padri."

Prof akamtazama. Kisha akaacha makaratasi pale kwenye mimbari, akafungua koti, akashuka mpaka kati ya mabenchi.

"Bon. Sikieni. Ule mutoto mama yake alizama, anamufuata kule chini. Anafika ku mulango. Nyuma yake maji inafunga. Mulinzi anasema, lete neno yenye inakuuma. Anapana 'njala'. Mulinzi anacheka, hiyo kila mutu iko nayo. Anapana 'kaburi'. Hapana. Leta jina ya mama yako."

"Asipane!" akalia mmoja wa kwaya.

"Weye! Akikatala, maji itamuua!"

"Imuue! Mutu asiyeweza kuita mama yake, ni mutu gani?"

"Mama yake mwenyewe angemwambia apane. Mi nimezaa, minajua."

"Na weye, ungepana gani?" Prof alimwuliza huyu, akamgeukia yule. Walimjibu wote pamoja. Mimi, kuna jina ambalo nalitaja kila alfajiri katika sala zangu, na niliona mkono wangu umepanda wenyewe kuziba mdomo.

"Alipana," Prof akasema, taratibu. "Mulango ukafunguka. Anaingia mu muji, bantu banajaa sawa ku soko. Kule mbele anaona mama yake anapita. Na hawezi kumuita."

Makelele yakapanda, kama ya mashabiki waliokataliwa goli. Prof akanyanyua mikono: imetosha kwa leo. Walimfuata mpaka nje wakimtukana kwa upendo.

Madame Marie-Thérèse alimngoja mlangoni, nami nilikuwa karibu.

"Leo nimesikia vitabu viwili," akamwambia. "Kile cha makaratasi sikitaki, hata kwa Kifaransa. Hiki cha pili kiko wapi?"

"Haiko, Madame. Iko mu kinywa tu."

"Basi kiandike. Chote, kwa Kiswahili hiki hiki. Nitakichapa."

"Na bale benye kusema hii haiko Swahili ya kitabu?"

"Hao sikuwaona humu ndani."

Niliona furaha ikimpanda usoni, halafu nikaona anakumbuka ile kazi ya miaka yake yote, sasa airudie tangu mstari wa kwanza. Tulipofika nyumbani aliingia moja kwa moja chumbani mwake.

Asubuhi iliyofuata mlango wake ulikuwa wazi. Alisema sentensi kwa sauti, akaiandika, akaifuta.

"Mama Jeanne! Mulinzi wa mulango anaweza kusema 'tafazali'?"

"Mulinzi wa wapi huyo? Balishamulipa mushahara?"

Akacheka, akaandika. Bado nilikuwa natoa vichwa vya samaki Nafisa alipoingia, mzigo wake wa vitenge kichwani, badala ya kwenda sokoni.

"Prof, kisha ule mutoto alifanya namna gani?"

"Sijafika pale, dada. Sijaandika."

Nafisa akautua mzigo, akavuta kigoda mpaka mlangoni pa Prof, akakikalia.

"Basi andika. Mi niko hapa."