Bodi Iliyotoa Maji

Jumanne moja ya Septemba 2013, Fauzia, fundi wa bodi za umeme, alikuwa akifagia vumbi la shaba kwenye meza ya mashine yake ya kuchongea kwa brashi ndogo pale Loisi alipoingia kibandani kwake, Tunduma. Nje, malori ya kwenda Zambia yalikuwa hayajasogea tangu jana yake, na madereva walikuwa wamekaa kivulini wakinywa chai. Loisi alikuwa mkulima wa kahawa kutoka upande wa Igamba, na katibu wa kamati ya maji ya kitongoji chao. Alifungua kitenge akatoa bodi ya umeme ya pampu, iliyoungua, na flashi.

Pampu ilikuwa imekufa miezi mitano. Watu walirudi kuchota mtoni, wakaanza kuumwa matumbo. Mjukuu wa Loisi, Ipyana, alikuwa amelazwa mara mbili. Waliotengeneza pampu hawakuwa tena na bodi za aina ile, wakatuma mchoro wake tu.

"Wamesema ukiwa na mafaili haya unaweza kuichonga," Loisi alisema. "Mimi nimeleta kama nilivyopewa."

Fauzia alimwonyesha kwenye kompyuta. Faili la kwanza lilikuwa la shaba, njia zote unamopita umeme. La pili lilikuwa la matundu, la tatu la ukingo wa kukatia. Mashine haikuweza kusoma michoro hiyo. Ilitaka kuambiwa hatua kwa hatua: nenda kulia milimita mbili, shuka, kata, inuka. Programu ndiyo iliyogeuza michoro kuwa maagizo. Ilizunguka kila njia na kuiamuru ncha ya mashine ikwangue shaba ya pembeni, njia ibaki peke yake kama tuta lililopaliliwa. Loisi akasema hapo ameelewa.

Bodi ya kwanza iliharibika. Faili la matundu lilikuwa limeandikwa kwa inchi, Fauzia akalisoma kwa milimita, na matundu yote yakajirundika kwenye kona moja. Ya pili ilitoka kinyume, kama maandishi kwenye kioo, kwa kuwa alisahau kuugeuza upande wa chini. Ya tatu, ncha iliposhuka sehemu moja ya kumi ya milimita, yalitoka maji.

Yalitoka kwenye shaba yenyewe, safi na ya baridi. Fauzia alisimamisha mashine, akakinga kikombe kwenye ukingo wa meza, akaiwasha tena. Loisi aliyaonja akasema ni ya chemchemi yao.

Maji yalifuata njia hadi katikati ya bodi, kisha yakakata kushoto, kwenye mkono ambao haukuwemo mchoroni asubuhi. Fauzia alitazama kompyuta. Sasa ulikuwemo, mwembamba, haufiki kwenye kifaa chochote. Akaufuta, akaandaa maagizo upya, akachonga ya nne. Ilitoka kavu. Alipoipima, haikupitisha umeme hata chembe. Akaurudisha ule mkono, akachonga ya tano, na maji yakaja tena. Yalijaza kushoto kwanza, ndipo yakaenda kulia.

Loisi aliinama akafuata njia kwa kidole, kama anayesoma ramani ya mabomba yao. Hapa palikuwa tangi, hapa shule, hapa bomba la kanisani. Mkono wa kushoto ulipita chini ya mashamba ya kahawa ukaishia kwenye bwawa la samaki la Jairo, mwenyekiti wa kamati. Mwaka ule wa mradi wa maji waliambiwa mtaro wa upande ule ni wa kupitishia waya. Loisi mwenyewe alichimba hatua kumi na mbili.

"Ukiuacha huo mkono, pampu itafanya kazi?" aliuliza.

"Itafanya."

"Na ukiutoa?"

"Umeona mwenyewe, mama."

Loisi aliondoa kidole kwenye bodi. "Basi uache. Watoto wanywe kwanza."

Fauzia aliikausha bodi juani, akaunga vifaa kwa risasi ya kuyeyusha. Alhamisi walipanda wote wawili kwenda kitongojini kuifunga. Jairo mwenyewe alifungua boksi la pampu. Aliitazama bodi, akaona mkono wa kushoto umelowa, akatoa leso akaupangusa. Kisha akamsifu fundi mbele ya watu wote.

Pampu iliwashwa saa nne asubuhi. Saa tisa, bomba la shule lilikohoa, likatema tope, kisha maji. Wanawake walisogeza ndoo bila kusukumana. Loisi alinawa uso, akamnywesha Ipyana kwa kiganja, akakaa chini kwenye saruji iliyolowa kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Fauzia naye alikunywa.

Wiki iliyofuata wanawake walihamisha saa ya kuchota. Wakawa wanakuja alasiri, bwawa la Jairo likishajaa.