Kisima cha Mchangani

Miiba ilikuwa mibichi bado. Aliyeikata hakuwa amekwenda mbali. Mwanamvua alitua ndoo, akakizunguka kisima kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Katika mto huu wa Naipingo hakuna aliyewahi kuzungushia kisima uzio. Ukifukua mchanga ukapata maji, unasimika kijiti, unatundika kata ya kibuyu, na kila mpita njia anakunywa. Ndivyo mama yake alivyomlea. Ndivyo naye alivyomfundisha Beatrisi, mwaka ule alipovuka kutoka Msumbiji akikimbia vita, mtoto mgongoni, hajui hata pa kuchimba. Alimwonyesha majani yasiyokauka, akamwambia achimbe hapo. Kata akampa ya kwake.

Enzi hizo maji yalikuwa magotini tu. Siku hizi mvua huja zikipenda, na mtu huchimba mpaka anazama kifuani.

Beatrisi alitokea kwenye matete, mikono imejaa udongo. Nyuma yake, ukingoni, matofali mabichi yalikuwa yameanikwa.

"Shikamoo, dada."

Mwanamvua hakuitikia. "Binti yangu Fauzia ameshikwa na uchungu. Zahanati wanataka aende na maji yake."

Beatrisi aliinamisha uso. "Mwanangu Augustino ameyamaliza kwenye matofali. Anataka kuoa, lazima ajenge. Njoo jioni, yatakuwa yamejaa."

"Basi nenda kamwambie mtoto asubiri jioni."

"Dada, kisima hiki tumechimba sisi."

Yalimchoma maneno hayo. Miaka yote hiyo alimhesabu Beatrisi kuwa ndugu, kumbe alikuwa akihesabu peke yake. Alipenyeza mkono katikati ya miiba, ukamparura, akaichomoa kwenye kijiti kata ile aliyompa zamani.

"Ukiichukua hiyo, wapita njia watanywea nini?"

Hakugeuka. Alifuata mto hadi kwenye kona, akaona majani mabichi machache, akaanza kuchimba kwa mikono na kata. Jua lilipanda. Maji yalikuja kwa uchoyo, yamechanganyika na tope, lakini yalikuja. Yalifika nusu ya ndoo. Mtoto ataogeshwa.

Kwa mazoea alisimika kijiti. Akakitazama kitambo, akaking'oa. Kata akaitia ndooni, kisha akaupanda ukingo, akaanza kuvunja matawi ya miiba.