Vali ya Pili

Wanafunzi wa udaktari walimwita Babu Moyo, na yeye hakukasirika hata kidogo. Seremala mstaafu angepata wapi umaarufu mwingine? Miaka kumi na miwili sasa, kila msimu wa mitihani, chuo kilimwomba aje alale kitanda cha nne, kifua wazi, wanafunzi wamsikilize. Vali moja ya moyo wake ilivuja, kama mlango usiofunga sawasawa, na jibu hilo alilijua kuliko wengi wao. Waliotetemeka sana aliwanong'oneza jibu. Alijihesabia kuwa ni sadaka.

Asubuhi ile aliingia binti mwembamba, macho yamevimba kwa kukesha. Muuguzi alikwisha kummwagia Babu habari zake: ameanguka mtihani huu mara mbili, na akianguka hii ya tatu anafungasha virago. Profesa aliyetahini alikaa pembeni na karatasi ya alama mapajani.

Binti alinawa mikono, akakipasha joto kiganjani kile chuma cha kusikilizia.

"Shikamoo, babu. Naomba nikusikilize."

"Marahaba, mjukuu wangu." Profesa alipoinama kuandika, Babu akanong'ona, "Vali moja, ya kushoto. Inavuja."

"Ahsante, babu, ila usiniambie," naye akanong'ona. "Mara mbili nimefeli kwa kusema nilichokariri. Leo nasema ninachosikia."

Babu alimwona punguani. Mtu anazama, anatupiwa kamba, anauliza kwanza imesokotwa na nani!

Binti alisikiliza upande wa kushoto, akafuata sauti hadi kwapani, kisha akarudi karibu na mfupa wa kifua. Akasita.

"Babu, hebu kaa. Inama mbele. Toa pumzi yote, halafu uibane."

Miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia hivyo. Babu alibana pumzi, akamtazama. Binti alikuwa amefumba macho, ametulia tuli, na wala hakuwa akitafuta jibu. Alikuwa akimsikiliza yeye. Mwili ulimsisimka Babu, mzee mzima.

"Vali mbili, Profesa," binti alisema. "Ya kwanza inasikika wazi. Ya pili inavuja kidogo, sauti yake laini sana."

"Moja. Imeandikwa hapa."

"Mimi nimesikia mbili." Binti hakurudi nyuma.

Kalamu ya Profesa ikaanza kushuka kwenye karatasi kumwangusha. Babu uvumilivu ukamwisha.

"Samahani, Profesa. Wewe mwenyewe umenisikiliza lini mara ya mwisho?"

Profesa aliiweka kalamu chini. Akachukua kifaa chake, akamwinamisha Babu, akasikiliza. Kengele ya wanafunzi kuhamia kitanda kingine ikalia, naye bado ameinama. Alipoinuka, jasho lilikuwa limemtoka.

Alilikata kwa mstari jibu lililochapwa, akaandika la binti juu yake.

"Umefaulu," alimwambia. Kisha akamgeukia Babu. "Tuwie radhi, mzee. Leo hii hii tunakupima upya."

Babu alipaswa kuogopa, na kweli hofu ilimgusa. Lakini mshangao ulikuwa mkubwa zaidi. Akanyoosha mkono kwa binti.

"Niazime, mjukuu wangu. Nami nisikie."

Binti akamwekea kifaa masikioni. Mamia ya watu walikwisha kuusikia moyo ule isipokuwa mwenyewe. Babu alisikiliza, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemharakisha.