Paka Mmoja, Vichupa Viwili

Fundi cherehani alikuwa akitunga uzi sindanoni alipomwona Pamba, paka wake, anatembea kama aliyekanyaga kaa la moto. Masikio yanacheza, miguu inatetemeka, udenda unachuruzika hadi kwenye gauni la mteja. Akamviringisha paka kwa kipande cha bitana, akatoka mbio kwenda kwa daktari wa wanyama, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Kinyozi wa mlango wa pili akamwona. Akamwacha mteja na nusu kichwa, akafuata. Miaka miwili sasa wawili hawa wanamgombea paka huyu: asubuhi anakula kwa fundi, mchana anasinzia kwa kinyozi, na usiku kila mmoja anaamini yuko kwa mwenzake.

"Jina la mgonjwa?" daktari akauliza.

"Pamba," akasema fundi.

"Wembe," akasema kinyozi.

Daktari akaandika: Paka.

"Amelishwa sumu," fundi akafoka, "na huyu hapa. Muulize."

"Mimi? Mimi ninayemtunza? Jana tu nimemtia dawa ya viroboto shingoni, kichupa kizima."

Fundi akaanza kujibu, kisha akakumbuka. Yeye naye alimtia leo asubuhi, kichupa kizima, tena akajigamba mbele ya wateja. Angeweza kunyamaza, mwenzake abebe lawama peke yake. Lakini paka akatetemeka tena mikononi mwake.

"Na mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Leo asubuhi."

"Mngemuua," daktari akasema. "Haya, mshikeni."

Ikaja sindano, kisha beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo. Nguvu zikamrudia paka katikati ya povu, na zote akazimalizia kwa kucha kwenye mikono yao. Alipotulia, akaanza kujilamba kwa hasira, fundi akafuta macho. Alidai ni sabuni.

Daktari akachukua kadi. "Dawa itiwe na mtu mmoja tu. Mwenye paka ni nani?"

"Mwandike yeye," akasema fundi.

"Hapana, yeye," akasema kinyozi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona, kikapu kitupu mkono mmoja, kichupa mkono wa pili.

"Daktari, hujamwona paka wangu? Hulala kwangu kila usiku, na leo ndiyo siku yake ya dawa."

"Ameshatiwa," fundi na kinyozi wakajibu kwa pamoja, wakaficha mikono nyuma.