Ndani ya Boga

Alichokiona msafishaji kwanza ni tabasamu. Asubuhi nyingine, daktari wa chumba cha mashine ya picha pale hospitalini alilivua mlangoni kama mtu avuavyo viatu, akaingia na uso mkavu. Akitoka, alilivaa tena na kumwambia msafishaji, "Pole na kazi, mdogo wangu."

Msafishaji, binti mwenye haya, aliendelea kupiga deki bila kuuliza. Nyumbani dada yake alimwita Boga, tangu siku ile ya darasa la nne mwalimu alipomsimamisha ubaoni na kumwuliza saba mara nane. Alisimama hadi chaki ikalowa jasho mkononi. Darasa likacheka, dada akaifikisha habari nyumbani, na tangu kesho yake binti hakurudi tena shule. "Kichwa cha boga," dada alizoea kusema, kwa mapenzi, akimpakulia chakula. "Kikubwa, kizuri, ndani mbegu tu." Binti alicheka naye, lakini moyoni aliamini ni kweli.

Kwa hiyo daktari alipomweleza kwamba anatafuta watu wa kupigwa picha za ubongo, huku wakiulizwa hesabu, siku moja kwa upole na siku ya pili kwa ukali wa kuigiza, binti alikubali upesi kuliko alivyowahi kukubali jambo lolote. Alitaka kujua kama humo kichwani mwake mna kitu.

Siku ya kwanza alilala ndani ya mashine kama punje ndani ya ganda. Mashine iligonga, ikanguruma, ikagonga tena, hata mlio ukageuka mvua juu ya bati. Sauti ya upole ya daktari ilimjia kwa mbali, ikimtaka atoe kumi na tatu katika mia, kisha atoe tena na tena. Themanini na saba. Sabini na nne. Sitini na moja. Namba zilirudi zenyewe kama kuku wanaoingia bandani, naye akashangaa ni nani huyo anayejibu.

Siku ya pili alimwona daktari akilivua tabasamu. Alijua litarudi. Hata hivyo, sauti ilipomfikia kavu, "Umekosea. Anza upya. Haraka," vidole vilimpoa na ulimi ukawa mzito. Mashine ikawa darasa. Akanusa chaki. Alipewa kimpira cha kubonyeza iwapo angetaka kutoka. Alikifumbata kiganjani, hakukibonyeza, wala hakujibu neno.

Kesho yake daktari alimwomba radhi, akamketisha mbele ya kompyuta. Picha ya kichwa cha binti ilikuwa pale: kichwa, kimekatwa katikati, mviringo, kimejaa rangi.

"Hamna mbegu?" binti akauliza.

Fundi wa mashine, aliyeketi kando, alitania kwamba labda amezificha. Daktari akamweleza polepole kwamba mtu akiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni, nazo zikifika kichwani damu hugawanywa upya: mahali pengine huzidi, mahali pengine hupungua. Na damu ndiyo ibebayo sukari na hewa, chakula cha ubongo.

"Lakini nilijua unaigiza, daktari."

"Wewe ulijua. Mwili haukungoja kuambiwa."

Binti aliwaza. Asubuhi, wafuaji wa nguo za hospitali, ghorofa ya chini, wakifungua bomba zote, maji yake huku juu hutoka kama uzi, na ndoo haijai. Akamwambia daktari hivyo. Daktari akakubali kwamba ni karibu na hapo.

"Na tangi?"

"Tangi limejaa, mdogo wangu. Hata jana lilikuwa limejaa."

Alirudi nyumbani kama anayetembea juu ya pamba. Ilimjia kwamba ndani ya kila mpita njia mna vijito vyekundu, vikihama huku na huko kimyakimya, na hakuna avisikiaye.

Dada alikuwa akipakua. "Haya, Boga, wamekuta nini humo?"

Vidole vikaanza kupoa. Binti hakucheka safari hii. Alishika ukingo wa meza, akangoja kama angojavyo wafuaji wafunge bomba zao, hadi joto likarudi kidole kimoja kimoja.

"Hamsini na sita," akasema.

Upawa ukabaki hewani. "Hamsini na sita nini?"

"Saba mara nane, dada. Hata siku ile nilijua."