Kidole Gumba cha Kushoto

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna breki. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na mume wangu. Yeye ni fundi redio, mtu wa maneno machache na waya nyingi. Watoto wetu tumewalea, wamekwenda zao, tumebaki wawili katika nyumba ya vyumba vitatu: kimoja cha kulala, kimoja cha cherehani zangu, na kimoja cha ndege zake.

Ndiyo, ndege. Redio ziko kibarazani, ndizo zinazotulisha. Chumbani ni ndege za rimoti anazozitengeneza mwenyewe kwa foamu na gundi, na siku ya kwanza aliponionyesha mojawapo nilimuuliza kama amerudi chekechea. Lakini si za kitoto. Puani ina kamera, na mrushaji anavaa miwani mikubwa inayomfunika nusu ya uso, na kuona kila kinachoonwa na ndege huko juu. Tumboni ina kibao cha umeme kidogo kama biskuti, ambacho wao wanakiita ubongo. Upepo ukiisukuma ndege, ubongo unaiweka sawa. Mawasiliano na rimoti yakikatika, ubongo unaishika ndege na kuirudisha nyumbani peke yake. Na nyumbani, kwa huo ubongo, ni pale ulipowasha mota mara ya kwanza tangu uchomeke betri. Hilo mliweke akilini, maana ndilo lililotuponza.

Mwaka juzi mume wangu alipata kiharusi. Ulimi ukarudi, mguu ukarudi kwa kusuasua, ila mkono wa kushoto ukagoma. Unaning'inia tu, kazi yake kujaza shati. Sasa rimoti ina vijiti viwili. Cha kulia ndicho cha kugeuza na kupandisha na kushusha. Cha kushoto ni gesi, yaani nguvu ya mota. Alipojaribu kurusha baada ya ugonjwa, mkono ule uliteleza, gesi ikakatika, na ndege ikajichomeka ardhini mbele ya rafiki zake wawili, Dereva na Mfamasia. Wale hawakumcheka. Waliokota vipande kimyakimya, wakampa pole kwa sauti ya msibani, na nadhani pole ile ilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Tangu siku hiyo hakukanyaga uwanjani. Rafiki zake wakija kumjulia hali, ananiashiria niseme amelala. Nami nasimama mlangoni, uso mkavu, nasema shemeji zangu, mzee amelala, huku harufu ya risasi anayochomelea waya inatoka chumbani hadi barabarani. Wanainama, wanasema haya, msalimie akiamka. Aibu yote naibeba mimi.

Nikaona huyu mtu ataniozea kwenye kiti. Nikachukua rimoti. Sikuichukua kwa mapenzi ya ndege, sitaki sifa za bure. Niliichukua kwa sababu nilijua bila mrushaji hatatengeneza, na asipotengeneza ataanza kukaa akiutazama ukuta, na mimi na ukuta hatujawahi kupatana. Dereva na Mfamasia wakanifundisha kila Jumamosi. Niliziangusha nyingi. Nilikuwa narudi na mfuko wa vipande, yeye anavimwaga mezani, anavipanga kwa mkono mmoja na meno, ananiuliza ilikuwaje. Na mimi namweleza, na kidogokidogo macho yake yakawa yanachangamka. Kwa ajili ya macho yale nikawa naenda tena.

Lakini vifaa vikaisha. Ndege ya mwisho aliifunga kwa kamera ya mwisho na ubongo wa mwisho, na alipomaliza kupaka gundi akasema bila kunitazama, "Hii ikipotea, nafunga meza."

Nilimjua. Huwa hasemi ili abembelezwe. Nikacheka kidogo, nikamwambia mzee acha kunitisha.

Jumamosi asubuhi tukaijaribu uani. Mimi nikaishika mkiani, yeye akawasha mota, ikanguruma vizuri, akaizima. Akaniambia nisichomoe betri, niende nayo hivyohivyo, kwa sababu ikichomolewa satelaiti zinazoiambia ndege iko wapi zitapotea na itabidi tungoje uwanjani mpaka zipatikane tena. Na kweli, zamani kwa vile vibao vya mwanzo walikuwa wanangoja mpaka chai inapoa. Nikaipakata kwenye pikapu ya Dereva njia nzima kama mtoto wa siku saba. Si mimi wala yeye aliyekumbuka kwamba mota imeshawaka mara ya kwanza, na imewakia uani kwetu.

Uwanjani kuna desturi yao. Kabla ya kurusha, mwangalizi anasimama ubavuni mwa mrushaji na kumuuliza, "Nyumbani wapi?" Mrushaji anatakiwa asome kwenye miwani umbali wa kutoka hapo hadi nyumbani. Kama yote ni sawa, anajibu sifuri. Mfamasia ndiye aliyekuwa mwangalizi wangu, na yeye huuliza swali hilo kwa uzito wa mtu anayefungisha ndoa. Jua lilikuwa linanichoma kisogo. Nikamjibu hapa hapa, shemeji, kwani wapi tena? Hata kusoma sikusoma. Naye, kwa adabu zake, akaninyamazia.

Ikapaa. Jamani, ilipaa. Kwenye miwani nikaiona barabara, mabati ya nyumba yakimeta, ng'ombe wametapakaa kama mbegu, na kilima chenye mnara kikinijia taratibu. Ilikuwa inateleza bila mtikisiko, na nilifurahi kwa niaba ya yule aliyeachwa nyumbani. Nilijisemea nitamweleza hadi kivuli chake kilivyopita juu ya majani. Nikaizungusha nyuma ya kilima, na hapo kilima kikakata mawasiliano, picha ikajaa chenga, ikazimika.

Sikupaniki, kwa sababu nilifundishwa. Ukipoteza picha, unaachia vijiti, ubongo utairudisha. Nikavua miwani, sote tukakitazama kilima tukingoja itokeze. Tukangoja. Dereva alikuwa katikati ya utani fulani kuhusu mama mkwe wake, utani ukamfia mdomoni. Mfamasia akatazama saa, akatazama kilima, akatazama viatu vyake. Ndege haikuja.

Nikakaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa naiona ile meza imefutwa, koleo zimefungwa ndani ya boksi, na mume wangu kwenye kiti chake.

Simu ikaita. Alikuwa yeye. Nilipokea nikiwa tayari kuomba msamaha, lakini yeye ndiye aliyekuwa anahema.

"Iko hapa," akasema. "Juu ya nyumba. Inazunguka."

Nikamuuliza nini kiko hapo. Akanijibu ndege, mke wangu, ndege, inazunguka juu ya tangi la maji na watu wote wa mtaa wametoa macho. Nikasikia mota kwa mbali ndani ya simu. Halafu akasema polepole kwamba kosa ni lake, ni ile kuwasha uani, ubongo umeshika uani ndiyo nyumbani. Akaniambia tuje na rimoti upesi, kwa sababu mlio wa mota umeshuka na betri imechoka. Betri kuchoka yeye anaisikia kwa sikio tu, kama mimi ninavyosikia sindano inayokaribia kuvunjika.

Dereva ni dereva wa basi la shule, kila siku anaendesha kama amebeba mayai. Siku hiyo mayai aliyasahau. Mfamasia alikuwa nyuma ya pikapu ameshika antena ya ile miwani kwa mikono miwili, tai yake inapepea.

Nyuma ya nyumba yetu kuna kiwanja kitupu. Upande mmoja jirani amepanga matofali yake, upande mwingine ni kamba zangu za nguo. Tulimkuta mume wangu amesimama katikati, na fulana ya ndani, bila fimbo yake ya kutembelea, shingo ameinyoosha juu. Mtu ambaye kwa mwaka mzima alikuwa "amelala" kila rafiki zake walipobisha hodi, sasa amesimama nao bega kwa bega na hata salamu hakuna. Hapakuwa na nafasi ya haya. Wote watatu walikuwa wanaitazama ile ndege.

Niliwasha rimoti, mawasiliano yakarudi. Nikataka kuvaa miwani, akasema hapana, hapa ni kwa macho. Nikashika vijiti. Ndege ikapita juu ya bati letu, ikapita karibu na waya za umeme, ikageuka. Mimi nimezoea uwanja mpana usio na hata kichaka. Hapa kulikuwa na matofali, waya, mabati, watu. Vidole vyangu vikawa vinatetemeka mpaka ndege yenyewe ikatetemeka. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mimi hii siiwezi.

Nikavua mkanda wa rimoti, nikamvisha shingoni.

Mkono wake wa kulia ulikikamata kijiti chake kabla hata hajafikiri. Kisha akautazama wa kushoto unaoning'inia, na uso wake ukaanza kuporomoka, ule uso wa siku ile uwanjani. Sikumpa muda. Nikasimama nyuma yake upande wa kushoto, nikapitisha mkono wangu chini ya kwapa lake, nikaweka kidole gumba changu kwenye kijiti cha gesi.

"Wewe geuza," nikamwambia. "Gesi niachie mimi."

Nilihisi mgongo wake umekakamaa, halafu ukalegea. Ndege ikaacha kutetemeka. Ikalala ubavu mmoja, ikafanya duara safi mbali na waya, na nikamsikia Mfamasia akivuta pumzi. Ongeza, akasema mume wangu, nikaongeza. Punguza, nikapunguza. Ongeza kidogo, nimesema kidogo, wewe mwanamke. Nikamwambia mzee usinifokee nimekushikia gesi.

Mota ikaanza kukohoa. Akasema betri itazima wakati wowote, na kwa urefu wa kile kiwanja ndege ile isingesimama kabla ya kuyavaa matofali. Macho yake yakahama kutoka angani hadi kwenye kamba zangu.

"Mapazia," akasema.

Nilikuwa nimeanika mapazia ya ukumbi wa harusi, meupe, mazito, mapya kabisa, nimeyashona kwa wiki nyingi na kuyafua yatoke wanga. Nikamwambia ni ya mteja. Akasema anajua. Nikasema lakini mzee, ni ya mteja. Akasema mke wangu, najua, na kwa jinsi alivyosema nikajua kwamba nikikataa atanitii, ataielekeza kwenye matofali, na ataingia ndani kufunga meza.

"Haya," nikasema. "Lenga la katikati, lile ndilo zito."

Akaishusha. Ilikuja chini chini juu ya nyasi, imenyooka. Akasema kata. Nikakata gesi. Ndege ikaingia kwenye pazia bila kelele, pazia likatuna kama tumbo, likaifunga, kamba ikayumba mbele na nyuma, kisha vyote vikatulia. Bawa moja lilikuwa linachungulia pembeni, zima.

Halafu Dereva akaanza kucheka, kicheko chake kile cha kutikisa kitambi, na mtaa mzima ukamfuata. Mume wangu hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono wake mmoja mzima ulikuwa bado umekishika kijiti. Nikamfutia kwa pindo la khanga, na mimi mwenyewe nilikuwa sioni vizuri.

Walikaa kwetu hadi jioni. Mfamasia akamuuliza mgonjwa wetu, kwa ule uzito wake wa kufungisha ndoa, kama usingizi wa mwaka mzima ulikuwa mtamu. Mume wangu akacheka mpaka akapaliwa na chai. Kisha wote watatu wakaingia kwenye chumba cha ndege wakajifungia, na nikasikia sauti tatu zikibishana kuhusu waya. Mimi nikachukua sindano nikakaa kibarazani na pazia langu. Lilikuwa limepasuka mpasuo wa kiganja. Nikaliziba, juu yake nikatarizi ua, halafu ikabidi nitarizi maua kwenye mapazia yote yafanane. Mteja alisifu. Nikamwambia ndiyo mtindo mpya.

Mwaka mzima tulikuwa tumeuomboleza mkono, kumbe kwenye rimoti kilikuwa kinakosekana kidole gumba kimoja tu. Na vya kwangu ninavyo viwili.

Jumamosi iliyofuata alipanda pikapu mwenyewe, na fimbo, na kofia, amenuna kama anayepelekwa hospitali ili tusione furaha yake. Betri tuliichomekea uwanjani. Tulimweka kwenye kiti, mimi nikasimama nyuma yake, kidole mahali pake. Mfamasia akauliza nyumbani wapi. Mume wangu akasoma ndani ya miwani, akajibu sifuri, na Mfamasia akaniangalia mimi kwa muda mrefu mpaka nikamwambia shemeji, imetosha, yamekwisha.

Dereva akairusha kwa mkono. Ikapanda.

"Ongeza gesi," akasema.

Nilimsikia vizuri sana. Nikajifanya sijasikia; ile 'wewe mwanamke' sikuwa nimeisahau.

"Mke wangu," akasema, mbele ya rafiki zake wote, "ongeza gesi."

Nikaongeza.