Madini Joto Shingoni

Noela aligonga geti siku chache baada ya mimi kumeza kidonge cha iodini hospitalini. Nilijua ni yeye. Hugonga mara mbili kisha hunyamaza, kama anayeomba radhi.

Sikuwa na nguvu za kwenda kufungua. Tezi ya shingo ilikuwa imenichosha mwaka mzima: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji. Nilijikokota hadi mlangoni. Yeye alikuwa ameshalisukuma geti, na kabla sijauona uso nililiona tumbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ishia hapo hapo!"

Akaurudisha nje mguu uliokwishaingia. Alikuwa na begi dogo na kichane cha ndizi. Alikuwa amevuka na pantoni kutoka Sengerema kwa shangazi yake, ambako nilimfukuzia mwenyewe aliposema ana mimba na chuo amekiacha. Siku ile nilimwambia asikanyage kwangu. Leo amekuja kuniuguza, nami nampigia kelele mbele ya mtaa mzima wa Mkolani.

Dorotea, jirani wa mbele, hakukawia kutokea. "Mama Noela! Hata anayekuja kumwona mgonjwa unamfukuza? Kwetu Usukumani hata adui anapewa kigoda."

"Basi mpe wewe hicho kigoda."

Noela akaanza kulia. "Bado hujanisamehe."

"Sikufukuzi. Nimemeza iodini."

"Ile ya kwenye chumvi?"

"Hapana. Iodini mia na thelathini na moja."

Kilio kikakatika. Alikuwa akisoma kemia kabla ya hilo tumbo. Akarudi nyuma hatua kadhaa, mkono tumboni.

"Mbona sielewi?" Dorotea akauliza. "Hiyo iodini, madini joto ya kwenye chumvi, si ndiyo kinga ya rovu la shingo?"

Noela akafuta macho, akamgeukia Dorotea. "Ni iodini ileile, mama. Ya kwenye chumvi na ya huyu, zote zina protoni hamsini na tatu na elektroni zilezile, kwa hiyo tezi inazipokea zote bila kubagua. Tofauti iko ndani, kwenye kiini. Ya mama ina neutroni nne zaidi, haitulii, inatoa mionzi. Ndiyo inayoiunguza tezi yake. Na mwanangu humu tumboni naye ameshaota tezi, mionzi inaweza kuiunguza nayo."

"Yesu wangu! Na mimi niliyeleta uji jana?"

"Uliuacha getini," nikamwambia. "Halafu kwa umri huo hubebi tena mimba wewe."

Noela akacheka kidogo, kisha akaliokota begi lake. "Kila siku nane nusu yake inageuka gesi, zenoni, haina neno na mtu. Wacha nirudi Sengerema."

Nikashika fremu ya mlango.

"Hurudi popote. Dorotea ana chumba cha uani. Daktari amesema wiki tatu mjamzito asinikaribie. Zikiisha unahamia humu, wewe na huyo mtoto. Kitanda chako sijakigusa."

Alinitazama kama anayengoja niongeze "lakini". Sikuongeza.

"Na ndizi, mama?"

"Weka hapo getini. Nitamenya mwenyewe, wewe unamenya vibaya."

Dorotea akaleta kigoda, akakiweka kwake, ng'ambo ya njia. Noela akakikalia, akanielekea. Nami nikakaa kizingitini.